Somo la Vitambaa Vyeupe

"Madam, mkiwa ndani ni darasa. Mkitoka nje ni mkutano."

Msimamizi wa ukumbi aliniambia hivyo kila Jumamosi aliponikabidhi funguo, na hakuwa akitania. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wachache wakikusanyika mahali bila leseni walikuwa wamevunja sheria. Nilishaona matanga ya jirani yetu yakiingiliwa na askari waliotaka kujua ni nani anahutubia na anasema nini. Mjane alilazimika kuinuka mkekani kwenda kuwaeleza kwamba aliyesimama mbele ni shemeji yake, anaongoza sala.

Ukumbi wenyewe ulikuwa katika mtaa wa nyumba za baraza la jiji, karibu na Jogoo Road. Ulikuwa na sakafu ya saruji, madirisha ambayo nusu ya vioo vyake ilikuwa imevunjika, na jukwaa dogo ambalo makanisa mawili yaligombania kila Jumapili. Mimi niliupata Jumamosi mchana kwa ajili ya darasa la Kihispania. Siku za kazi nilifundisha Kiingereza katika shule ya upili, lakini chuoni nilikuwa nimesomeshwa Kihispania na mama mmoja kutoka Argentina, na lugha ile haikukubali kuniacha. Mwaka huo Michezo ya Olimpiki ilikuwa ikielekea Barcelona. Watu wakaanza kusema kwamba watalii kutoka Uhispania watakuja kwa wingi, na darasa langu, ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa na watu wa kuhesabika, likajaa hata wengine wakawa wanakalia ukingo wa jukwaa. Kulikuwa na vijana waliotaka kuwaongoza watalii mbugani, masista wawili waliokuwa wakiandaliwa kwenda nyumba ya shirika lao ng'ambo, muuguzi mmoja wa zamu za usiku aliyesinzia kila baada ya nusu saa, na mama mmoja fundi cherehani wa soko la Gikomba ambaye alisema hana sababu yoyote ila anapenda jinsi lugha hiyo inavyotoka mdomoni.

Mtihani ambao darasa lilikuwa likijiandalia ulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya lugha. Ya pili iliitwa utamaduni na ustaarabu, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Kitabu tulichopewa kilijaa wafalme, makanisa makuu na watu wanaocheza kwa kupiga visigino. Nilijaribu kukipa damu. Nilipofundisha mchezo wa mafahali, kijana mmoja ambaye kwao ni Kakamega alisimama akauliza, kwa uchungu wa kweli, "Madam, kwetu fahali hupigana na fahali mwenzake. Hapa mtu anaingilia ugomvi wa nani?" Tulibishana hadi muda ukaisha. Siku nyingine tuligundua kwamba meza yetu na meza yao ni neno moja, na nikawaeleza kwamba neno letu gereza lililetwa na Wareno, na kwao lilimaanisha kanisa. Sista mdogo aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Lakini mwaka ule kicheko hakikukaa sana. Katikati ya jiji, akina mama wazee ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa ajili ya siasa walikuwa wamekwenda kukaa bustanini, wakasema hawaondoki wala hawali mpaka wana wao waachiliwe. Askari waliwapiga na kuwarushia gesi ya machozi. Baadhi ya akina mama wale wakavua nguo mbele ya askari, jambo ambalo watu walisimuliana kwa kunong'ona tu. Siku chache zilizofuata zilikuwa za mawe na moshi. Watu wa mitaa yetu walirudi nyumbani kwa miguu wakipitia vichochoro, na si wote waliorudi.

Jumamosi ya baada ya hayo nilifungua kitabu na kukuta tumefikia sura ya Argentina. Kilichoandikwa humo kuhusu utawala wa kijeshi kilikuwa nusu ukurasa. Ningeweza kukisoma upesi na kwenda kwenye ngoma ya tango. Nikatazama nyuso zao, nikafunga kitabu, na nikaanza kuwasimulia nilivyosimuliwa na mwalimu wangu: jinsi vijana walivyochukuliwa majumbani na barabarani wasionekane tena, na jinsi mama zao walivyokwenda uwanjani mbele ya ikulu kuuliza waliko. Askari wakawaambia ni marufuku kusimama kwa kikundi, sharti watembee. Basi wakatembea. Wawili wawili, wakiuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja, kila Alhamisi. Kichwani walifunga vitambaa vyeupe, na vile vya kwanza vilikuwa nepi za wale watoto wao walipokuwa wachanga.

Muuguzi alikuwa macho. Niliona wanafunzi kadhaa wakigeuka kuutazama mlango.

"Nepi zenyewe?" fundi cherehani akauliza.

"Ndiyo. Walikuwa wamezihifadhi."

Kijana wa Kakamega akasema, "Madam, haya mambo tukiyasoma tu tutayasahau. Tuyafanye. Tutembee kama wao, tukijibizana kwa Kihispania."

Nilisema nitafikiri. Nilifikiri wiki nzima. Mume wangu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, alisikiliza kisha akaniuliza swali moja tu: ninachotaka hasa ni kutembea, au ni kufundisha. Nikamwambia ni kufundisha. Nilikuwa ninaamini hivyo.

Jumamosi iliyofuata fundi alikuja na mfuko wa vipande vya pamba nyeupe alivyokata vizuri na kupiga pindo. Mle ndani hapakuwa na nafasi ya kuzunguka kwa sababu ya viti. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na ua uliofagiliwa, tangi la maji lisilotumika katikati, na kando ya ukuta mfereji wa jumuiya ambapo akina mama walipanga foleni ya mitungi siku maji yakitoka. Siku hiyo maji yalikuwa yametoka. Nikawaambia wanafunzi tuzunguke tangi mara chache tu, kisha turudi ndani kuandika insha.

Walianza kwa haya, wakiangaliana. Mimi nilisimama pembeni nikiuliza kwa Kihispania, "¿Dónde están?" Wako wapi? Nao walijibu kwa sentensi tulizokuwa tumezifanyia mazoezi: sijui waliko, ninamtafuta mwanangu, nitarudi Alhamisi. Baada ya mzunguko wa pili haya iliwatoka. Masista walitembea wameshikana mikono. Sauti zikawa nzito, na lile halikuwa tena zoezi la vitenzi.

Foleni ya mferejini ilikuwa imenyamaza ikitazama. Mama mmoja, mwembamba, mwenye leso iliyofifia kiunoni, alimshika fundi mkono alipopita karibu.

"Mnazunguka nini?"

"Ni somo, mama. Ni akina mama wa nchi nyingine. Wanatafuta watoto wao waliochukuliwa."

Mama yule aliusukuma mtungi wake kando kwa mguu. Akachukua kipande cha pamba kilichobaki juu ya mfuko, akajifunga kichwani bila haraka, akaingia mstarini nyuma ya masista. Mwingine kwenye foleni akamwiga, akatumia taulo ndogo ya mtoto. Kisha mwingine. Maji yaliendelea kutiririka ndani ya mtungi uliojaa mpaka yakamwagika, na hakuna aliyekwenda kuyafunga. Madirishani na kwenye milango ya nyuma ya nyumba watu wakaanza kujitokeza.

Nilijua ni lazima nilisimamishe jambo lile. Nilifungua mdomo nikasema kwa Kihispania, "Inatosha," na wanafunzi wakasita, lakini wale wa mferejini hawakujua neno hilo na waliendelea kutembea, na wanafunzi nao wakawafuata. Msimamizi alitoka ukumbini mbio. Hakupaza sauti, alinisogelea sikioni.

"Waingize ndani. Sasa hivi. Kuna mtu amekwenda kupiga simu."

Nikapiga makofi, nikasema kwa Kiswahili warudi ndani, upesi. Walikuwa wanaanza kugeuka Landrova ya polisi ilipoingia na kusimama ikiwa imeziba lango. Wakashuka askari na sajini wao, mtu mzima, mnene kidogo, mwenye rungu chini ya kwapa.

"Nani mkubwa wa mkutano huu?"

"Si mkutano, afande. Ni darasa. Mimi ndiye mwalimu."

"Darasa la nini?"

"La Kihispania."

Alitazama vitambaa vyeupe, akatazama tangi, akatazama watu waliokuwa madirishani. "Leseni?"

"Darasa halihitaji leseni, afande."

"Darasa lina kuta." Akapita polepole mbele ya waliokuwa wamesimama. Wanafunzi wangu walikuwa wameshavua vitambaa na kuvificha mikononi. Yule mama mwembamba hakuvua chake. Sajini akasimama mbele yake. "Na wewe, mama, ni mwanafunzi?"

Mama alinitazama. Sikuwahi kuzungumza naye, ila sura yake niliifahamu. Alikuwa akikaa na mtungi wake chini ya dirisha letu Jumamosi nyingi, akingoja zamu. Kila nilipoanza darasa niliita majina, na kila mwanafunzi alijibu kwa neno moja la Kihispania. Alikuwa amelisikia mara nyingi kupitia kile kioo kilichovunjika.

"Presente," akasema.

"Amesema nini?" sajini akaniuliza.

"Amesema yuko."

"Najua yuko, ninamwona." Mtu mmoja nyuma yangu akacheka kwa woga, akanyamaza. "Aseme lingine."

Mama hakuwa na lingine. Aliendelea kumtazama usoni, mikono imelegea kando.

"Ninyi wawili mtaingia garini," sajini akasema. "Wengine nisiwaone hapa nikimaliza kuhesabu."

Kituoni tuliketishwa kwenye benchi ukutani, mbele ya mlango wa afisa mkuu wa kituo. Nilifikiria shule, nikamfikiria mume wangu, na binti yetu aliyekuwa kwa jirani akisubiri nimchukue. Nilimwambia mama pale kando yangu, "Samahani, mama. Nimekuletea shida."

"Si wewe," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, macho yake mlangoni, akanieleza. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mjane, aliuza mboga mtaa wa Kware na aliishi huko na mwanawe wa pekee. Mtaani kwetu alikuja kufulia watu nguo kila Jumamosi, ndiyo sababu ya mtungi. Mwanawe alikuwa anavuta mkokoteni Gikomba. Siku ya vurugu za mjini alitoka na mzigo asubuhi, na mkokoteni ukaonekana umepinduka karibu na Muthurwa, yeye hakuonekana. Mama alikuwa amekwenda hospitali, akaenda mochari, akaja hapa hapa kituoni mara nyingi. Kila mara alifukuzwa akiwa bado mbele ya kaunta.

Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wale akina mama wa huko kwenu kwa Wahispania. Watoto wao waliwapata?"

Nilitamani kusema ndiyo. Mlango wa afisa ulikuwa wazi kidogo na nilisikia kalamu ikigonga meza mle ndani. "Wengi hawakuwapata," nikasema.

Alikaza fundo la kitambaa chake.

"Na bado wanazunguka?"

"Bado. Kila Alhamisi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia na kuielewa. Kisha tukaitwa.

Afisa mkuu alikuwa inspekta mwenye miwani, hakuonekana mkali, na hilo lilinitisha zaidi. Alinitaka nieleze somo tangu mwanzo. Nikaeleza karatasi mbili za mtihani, sura ya kitabu, uwanja, vitambaa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na hiyo serikali ya huko Argentina," akasema, "iko wapi leo?"

Niliuona mtego. "Iliondoka, afande. Ilikuwa serikali ya wanajeshi. Sisi hapa hatuna wanajeshi serikalini."

Alinitazama juu ya miwani. "Hatuna," akasema.

Nilidhani imekwisha. Ndipo mama akasogea mbele, akashika ukingo wa meza.

"Afande, mimi si mwanafunzi."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Mimi nimekuja kituo hiki mpaka viatu vikaisha," mama akaendelea, "na kila mara mlinifukuza pale kaunta. Leo mmenileta wenyewe, kwa gari. Sasa niko ndani. Nataka kuambiwa mwanangu yuko wapi." Akataja jina la mwanawe, jina la baba yake na kijiji chao, akasema siku aliyopotea na shati alilovaa.

Askari aliyekuwa mlangoni alipiga hatua kumwondoa. Inspekta aliinua kidole, akabaki hivyo akimtazama mama na kile kitambaa kichwani. Sijui aliona nini. Labda alikuwa na mama yake mahali. Labda alitaka tu chumba chake kitulie. Alivuta simu, akazungusha namba, akaongea na kituo kimoja, akakata. Akazungusha tena. Mara ya pili alingoja sana, akasema "ndiyo" na "sawa," akaandika kitu kiganjani mwake, akakata.

"Yuko rumande. Ana kesi ya kuzua fujo."

"Yuko hai?"

"Mama, nimekwambia ana kesi. Maiti haina kesi."

Mama aliketi chini, palepale sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Nikachuchumaa nikamshika. Hakulia. Alikuwa anapumua kwa nguvu, tena na tena, kama aliyekuwa amezamishwa majini.

Jua lilikuwa linashuka msimamizi wa ukumbi alipoingia kituoni pamoja na mume wangu. Mtu yule mwoga, ambaye kila Jumamosi alinionya, alisimama mbele ya kaunta amevaa koti la kanisani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini, "Ni darasa. Mimi ndiye mwenye funguo, na ninajua darasa na ninajua mkutano." Inspekta alituachilia kwa maneno makali. Aliniambia Wahispania wana ngoma na nyimbo nyingi nzuri, nifundishe hizo. Nje ya lango, msimamizi alinishika mkono kwa viganja viwili akaniomba nisimletee tena maombi ya ukumbi. Alikuwa na watoto, akasema. Nilimwelewa.

Darasa lilihamia sebuleni kwa muuguzi, mtaa wa Umoja. Tulibaki kama nusu. Masista walikatazwa na mkubwa wao, na vijana kadhaa hawakuonekana tena. Waliobaki walisoma kwa bidii ya ajabu, wakikalia sakafu, mapazia yamefungwa mchana kweupe, na kila gari lilipopunguza mwendo nje sote tulinyamaza mpaka lipite. Katika karatasi ya utamaduni na ustaarabu hapakuwa na swali hata moja kuhusu Argentina. Waliulizwa juu ya kasri la Granada na vyakula vya sikukuu. Kijana wa Kakamega alikasirika kama mtu aliyeibiwa, ingawa alifaulu, na baadaye akapata kazi ya kuwaongoza watalii.

Mama nilimtembelea Kware miezi kadhaa baadaye, mashtaka yalipokwisha kuondolewa na mwanawe kurudi nyumbani. Walikaa chumba kimoja ghorofa ya juu kabisa, nguo za wapangaji zikipepea mlangoni. Kijana alikuwa amekonda, na sikio moja halikusikia tena. Ilibidi ageuze kichwa kila nilipozungumza. Hakueleza kilichomfika, nami sikumuuliza. Alinitengea kiti, akanimiminia chai, akaenda kukaa kizingitini.

Jirani mmoja wa kike alikuwepo, na mama akamweleza mimi ni nani. Akamsimulia habari za akina mama wa Argentina, vizuri kuliko nilivyowahi kuzisimulia mimi: uwanja, askari, nepi, kutembea wawili wawili. Kwenye foleni ya lango la rumande, alisema, aliwasimulia wanawake wengine wengi waliokuwa wakingoja na chakula ndani ya vikopo. Alipofika mwisho wa hadithi, akasema kwamba wale akina mama walizunguka na kuzunguka mpaka siku moja milango ikafunguliwa na watoto wao wakatoka, mmoja mmoja, wote.

Aliposema hivyo alinitazama usoni, mara moja, kisha akamgeukia jirani. Alikuwa anajua ukweli. Alikuwa amenisikia vizuri pale kwenye benchi. Mimi ni mwalimu, na ni kazi yangu kusahihisha. Nilinyanyua kikombe nikanywa chai.

Kabla mwaka haujaisha walirudi kwao magharibi, mama na mwana. Nasikia kijana alifungua karakana ya useremala sokoni, na kwamba wateja wake wamezoea kusimama upande wake wa kulia wanapomweleza wanachotaka. Mimi nimeendelea kufundisha. Sura ile bado naifundisha kila mwaka, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono kuniuliza kama watoto walipatikana, nami humweleza ilivyokuwa.